Gari la modeli likigoma, tafuta kosa nyuma ya pale unapoliona

Gari la modeli la kipimo cha 1:8, yaani lenye urefu wa sehemu moja ya nane ya gari halisi, si kitu cha kuweka kiganjani. DeLorean halisi ina urefu wa karibu meta 4.27, hivyo modeli yake inafika sentimeta 53. Aston Martin DB5 inagusa 57. Gari hili linakuja vipandevipande, toleo baada ya toleo (kila toleo ni mfuko wa vipande na hatua zake za kuunganisha), mara nyingi hadi mia na zaidi, na likikamilika unabeba kilo kadhaa za aloi ya zinki, plastiki ya ABS, raba na waya. Skrubu iliyokazwa vibaya kwenye toleo la 12 hujitokeza kwenye toleo la 80 ikiwa mlango usiofunga. Anayeutazama mlango peke yake ataupiga tupa mpaka auharibu, na kosa litabaki palepale kwenye chasisi.

Kwa hiyo ukiona dalili, weka bisibisi chini kwanza. Fungua mwongozo, tafuta kila hatua iliyogusa kipande hicho na kile kinachokishikilia, kisha rudi nyuma hatua moja moja. Na kabla ya kuanza hatua mpya, soma mbili au tatu zinazofuata. Miongozo hii ina tabia ya kukuambia ukaze leo kitu ambacho wiki ijayo itakuambia ukilegeze.

Skrubu inaingia nusu, kisha inagoma

Hili ndilo tatizo linaloharibu modeli nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo tulimalize vizuri.

Chanzo cha kwanza ni skrubu isiyo yake. Kila mfuko una herufi, na herufi hizo si mapambo. Kuna skrubu za kuingia kwenye chuma, zenye thredi (ile mistari inayoizunguka skrubu) nyembamba zilizokaribiana na ncha butu, na kuna za kuingia kwenye plastiki, zenye thredi pana na ncha iliyochongoka. Ya plastiki ukiilazimisha kwenye tundu la chuma itakatika. Tofauti ya 1.7×4 mm na 2.0×4 mm haionekani kwa macho jioni umeme ukiwa umekatika na unatumia tochi ya simu. Pima kwa vernia, kile kifaa cha kupimia unene, au ilaze kando ya nyingine unayoijua. Skrubu ndefu kupita kiasi nayo husumbua: inagonga mwisho wa tundu kabla kichwa hakijabana, unadhani imekaza, kumbe kipande kinacheza.

Chanzo cha pili ni rangi. Bodi na chasisi hupakwa rangi baada ya matundu kutobolewa, na rangi ikijaa kwenye thredi tundu hupungua. Cha tatu ni kwamba baadhi ya matundu kwenye aloi hayakukatwa thredi kabisa. Skrubu yenyewe ndiyo inayotakiwa kuikata.

Tiba ya hivi viwili ni moja. Pitisha skrubu peke yake kwenye tundu tupu kabla hujaweka kipande cha juu. Isugue kwenye mshumaa au kipande cha sabuni ya mche. Ingiza nusu mzunguko, rudisha robo, ingiza nusu tena. Ukisikia inakuwa ngumu ghafla, itoe yote, pangusa vumbi la chuma, paka mshumaa tena, endelea. Kwa mtu atakayejenga gari zaidi ya moja, kikatia thredi cha M2 (cha skrubu za 2 mm) kinalipa gharama yake ndani ya wiki. Kipitishe kwa mkono, taratibu, na matundu yote yenye rangi yatakuwa mepesi.

Bisibisi nayo ichunguzwe. Ile inayokuja kwenye kifurushi mara nyingi ni laini, na ncha yake ikiliwa inakula vichwa vya skrubu. Unahitaji bisibisi za msalaba za ukubwa wa PH0 na PH00, za chuma kizuri. Fundi simu yeyote, awe Arusha mjini au Moshi, anazo na anajua wapi zinauzwa. Nguvu yako nyingi iende kusukuma chini, na kidogo tu kuzungusha. Drili ya umeme au bisibisi ya betri isikaribie meza hiyo.

Skrubu imekatikia ndani

Ikiwa kisiki kimechomoza hata milimita moja, kibane kwa plaisi yenye ncha nyembamba, uzungushe pole pole ukirudisha. Kikiwa kimekatika sambamba na uso wa chuma, wengi hukimbilia drili. Fikiri kwanza: skrubu ni ya chuma kigumu, aloi ya zinki inayoizunguka ni laini. Ncha ya drili itateleza kutoka kwenye kigumu na kwenda kwenye laini, na utabaki na tundu pana lililokaa upande.

Jiulize kama skrubu hiyo inahitajika kweli. Kipande kinachoshikwa na skrubu nne kitashikwa na tatu, hasa kikiwa hakibebi uzito. Kata kichwa cha skrubu mpya, kibandike juu kwa tone la gundi ili pasionekane pengo, endelea na safari. Kama ni mkono wa sasupensheni au bawaba, na lazima kishikwe, toboa tundu jipya kando kwa ncha ya 1.6 mm, likate thredi kwa M2. Hapo huna njia ya mkato.

Skrubu kwenye plastiki inazunguka bila kukaza

Thredi imekufa. Imekazwa kupita kiasi, au imetolewa na kurudishwa mara nyingi, na kila mara ikakata njia mpya. Kuna namna ya kuepuka hilo: unaporudisha skrubu kwenye tundu la plastiki, izungushe kwanza kinyume, kana kwamba unafungua, mpaka uisikie inadondoka kidogo. Hapo imekaa kwenye njia yake ya zamani. Sasa ndiyo kaza. Ukizoea hivi, tundu moja litavumilia kufunguliwa mara nyingi.

Lililokwisha kufa, kata kipande chembamba cha kijiti cha meno, kichovye kwenye supa glu kidogo sana, kiingize tunduni, kata kinachobaki juu. Subiri ikauke kabisa kabla ya kukaza. Ukiharakisha utaigandisha skrubu yenyewe. Nguzo ya plastiki ikiwa imepasuka, izungushie waya mwembamba wa shaba mizunguko mitatu au minne, kisha paka gundi ya Araldite juu.

Usiweke gundi ya kufungia thredi, ile ya buluu ya mafundi pikipiki, mahali popote penye plastiki. Kwenye chuma kwa chuma inafaa. Kwenye ABS huifanya ipasuke nyufa ndogo ndogo, na utaziona baada ya wiki kadhaa, bodi ikiwa tayari imefungwa.

Gari limesimama juu ya matairi matatu

Liweke juu ya kioo kinene cha dirisha, si juu ya meza ya mbao. Meza nyingi zimepinda, na utatibu ugonjwa ambao gari halina. Pitisha ukanda wa karatasi chini ya kila tairi. Unapopita bila kukwama ndipo pameinuka.

Sababu ya kawaida ni mpangilio wa kukaza. Chasisi ya vipande viwili au vitatu ikikazwa skrubu upande mmoja wote kisha wa pili, inapinda. Legeza skrubu zote zinazounganisha vipande hivyo, nusu mzunguko tu zisitoke, acha gari lilale juu ya kioo, kisha kaza kwa msalaba: mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, nyuma kushoto. Fanya raundi mbili kabla ya kukaza mwisho.

Ikiwa kona bado imeinuka, angalia springi. Za mbele na za nyuma hufanana sana lakini hazina ugumu sawa. Zibonyeze kwa kidole na utaitambua tofauti. Halafu hakikisha kila springi imekaa kwenye kikombe chake na haikupanda ukingoni.

Jambo moja linatisha watu bure: chasisi ikiwa na injini na matairi lakini haina bodi, hukaa juu kama gari la safari lililoinuliwa. Springi zimetengenezwa kubeba uzito wa bodi, na bodi bado. Usikate springi.

Usukani ukizunguka lakini magurudumu ya mbele hayafuati, fungua kiungo cha fimbo ya kuvutia magurudumu. Mara nyingi skrubu ya kiungo imekazwa mpaka kiungo kimeganda. Kiungo kinachocheza hakikazwi hadi mwisho. Kaza, kisha rudisha robo mzunguko.

Mlango unashuka nyuma, au pengo lake halilingani

Kabla ya bawaba, rudi kwenye kioo. Gari lililopinda haliwezi kuwa na milango iliyonyooka, na hili ndilo linalowapotezea watu siku nzima. Lenye matairi manne chini ndilo lenye haki ya kurekebishwa milango.

Kisha pima. Karatasi ya kawaida ya A4 ya gramu 80 ina unene wa karibu 0.1 mm. Ikunje mara moja una 0.2, mara mbili 0.4. Pitisha kwenye pengo la mlango juu, katikati na chini, andika namba. Macho hudanganywa na mng'ao wa rangi.

Ukingo wa nyuma wa mlango ukiwa umeshuka, bawaba ya chini ndiyo inayohitaji kusogezwa. Legeza skrubu zake, ingiza kipande cha karatasi kati ya bawaba na nguzo ya bodi, kaza tena. Karatasi moja chini husukuma sehemu ya chini ya mlango nyuma, na ukingo wa mwisho huinuka. Anza na unene mmoja, kwa sababu kwenye mlango wenye urefu wa sentimeta 15 badiliko dogo kwenye bawaba hukuzwa mwishoni. Ukipata unene sahihi, badilisha karatasi kwa kipande cha plastiki chembamba au bati la kopo la soda, maana karatasi itanyonya unyevu wakati wa masika na kulainika.

Mlango unaorudi wenyewe kufunguka baada ya kufungwa una kitu ndani kinachousukuma. Waya wa spika au wa taa ya mlango umepita mbele ya bawaba badala ya nyuma. Au skrubu ya paneli ya ndani ni ndefu kuliko yake na imetokeza upande wa pili. Au mpira wa kuziba haukusukumwa wote ndani ya mfereji wake. Angalia kwa mpangilio huo huo; waya ndiyo mshtakiwa wa kwanza.

Boneti na buti hufuata kanuni ile ile. Tofauti ni kwamba boneti ikikataa kushuka, kosa liko mara nyingi kwenye injini: kisafisha hewa kimekaa juu milimita moja kwa sababu kipande fulani chini yake hakikuingia mpaka mwisho. Weka kibonge kidogo cha plastisini juu ya injini, shusha boneti pole pole, inua. Palipobonyea ndipo pagumu.

Taa haiwaki

Usianze na waya. Anza na betri, kwa sababu rangi ya taa yenyewe itakuambia. Kisanduku cha betri tatu za AA kinatoa volti 4.5. Taa nyekundu ya LED huhitaji karibu volti 2, nyeupe karibu 3. Kwa hiyo taa za breki zikiwaka vizuri na za mbele zikiwa hafifu, betri zimechoka. Waya hazina kosa. Betri za kuchaji, zenye volti 1.2 kila moja, zinatoa 3.6 tu zikiwa tatu, na kwenye baadhi ya magari taa nyeupe zitafifia nazo hata zikiwa zimejaa.

Taa zote zikiwa zimezimika, tatizo liko kwenye njia ya pamoja: springi za kisanduku zilizopata kutu, swichi, au plagi kuu kwenye bodi ya umeme. Moja ikiwa imezimika na nyingine zinawaka, fuata waya wa hiyo moja. Hii inasikika rahisi, lakini wengi hufungua gari zima kwa ajili ya plagi moja.

Plagi hizi ndogo hudanganya. Zinaonekana zimeingia, kumbe zimebakiza milimita moja. Sukuma kwa ncha ya kijiti cha mbao, si ya chuma. Ukiona pini ya ndani imerudi nyuma kuliko mwenzake, iinue kidogo kidole cha plastiki kinachoishikilia, isukume mbele. Kamwe usivute plagi kwa kushika waya.

LED ina upande. Ikiwekwa kinyume kwa volti 4.5 kwa kawaida haiungui, inakaa tu gizani, kwa hiyo jaribu kuigeuza kabla ya kuitupa. Ukitaka kuipima peke yake, betri bapa ya CR2032 inafaa: ina volti 3 na haina nguvu ya kuiunguza. Betri ya volti 9 moja kwa moja itaiua.

Kama bado giza, toa betri, weka maltimita (kipima umeme) kwenye mlio, pima waya kutoka plagi hadi taa. Bila mlio, waya umekatika, na karibu kila mara umekatika pale ulipobanwa kati ya vipande viwili au chini ya kichwa cha skrubu. Uunganishe, fundi simu akuchomelee kwa risasi, na uuvike mpira wa kusinyaa kwa joto.

Mpira huo si wa hiari. Chasisi ya aloi inapitisha umeme. Rangi inaikinga mpaka skrubu iikwaruze, na waya uliochubuka ukigusa hapo betri inaweza kupata joto kali. Ukigusa kisanduku ukakikuta cha joto, toa betri kwanza, uliza baadaye.

Rimoti isipofanya kazi, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze kitufe. Kamera nyingi huuona mwanga ambao jicho halioni, na utaona nukta ya zambarau au nyeupe. Ukiiona, rimoti ni nzima. Tatizo liko kwenye kipokezi. Kabla ya kufungua gari, liondoe dirishani. Jua la saa saba mchana Moshi linatosha kukizidi nguvu kipokezi hicho.

Gari likikaa miezi bila kuwashwa, betri zitoke. Betri za alkalini zikivuja, pangusa springi kwa pamba yenye siki kidogo au limau, kisha kwa spiriti, acha zikauke.

Ukungu mweupe kwenye vioo

Ni supa glu. Mvuke wake hupanda na kuganda kwenye plastiki angavu, hasa ukiweka gundi nyingi kisha ukafunika. Ukungu mwepesi hutoka kwa kusugua dawa ya meno nyeupe kwa kitambaa laini, kwa duara, dakika kadhaa. Mzito hautoki, kioo kimekwisha. Vioo vya gari, taa na saa za dashibodi bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Inakauka angavu, inashika vya kutosha, na ikimwagika unaipangusa kwa maji.

Tairi haipandi kwenye rimu

Maji ya moto yasiyochemka, tone la sabuni ya vyombo, dakika tano. Ivalishe ukingo mmoja, ipindue. Usitumie bisibisi kuisukuma. Na matairi yasiachwe yameegemea plastiki: mafuta yaliyomo kwenye raba laini huhama na kuyeyusha plastiki mahali yalipogusa. Ndiyo sababu gari hili linafaa kusimama juu ya stendi inayobeba chasisi, matairi yakiwa hewani.

Kipande hakipo, au viwili ni vya upande mmoja

Hesabu siku mfuko unapofika, si siku unapouhitaji. Weka vipande juu ya karatasi nyeupe, linganisha na picha ya mwongozo, kulia na kushoto, piga picha na simu. Mzigo uliosafiri hadi Dar es Salaam kisha ukapanda hadi Arusha hauna haraka ya kurudi, na dai la mapema lenye picha lina nguvu kuliko la miezi minne baadaye. Skrubu moja au mbili kubaki ni kawaida, kwani huwekwa za akiba. Zikibaki nne za herufi moja, kuna mahali umeruka.

Trei ya mayai ya vishimo 30 inatosha kuhifadhi skrubu za gari zima, herufi moja kila kishimo, na haigharimu kitu.

Seti iliyokamilika ni salama kuliko ya kulipia kila mwezi. Kampuni ya Eaglemoss ya Uingereza, iliyouza modeli kwa matoleo, ilipoanguka mwaka 2022, makusanyo yake kadhaa yalikatika katikati, na vipande vilivyobaki vikawa vya kuwinda kwa bei ya mnunuzi aliyekata tamaa.

Rangi imekwaruzika au kufifia

Kabla ya kuigusa, jua kama ni chuma au plastiki. Sumaku haitakusaidia, kwa kuwa zinki haivutwi. Gonga kwa kucha na usikilize, au iguse mdomoni: chuma ni baridi. Kwenye chuma, rangi ya kucha inayolingana huziba mkwaruzo vizuri. Kwenye bampa la plastiki itailainisha, na thina au asetoni itaiyeyusha kabisa.

Mikwaruzo mingi midogo kama nyuzi za buibui inatokana na kupangusa. Vumbi la Arusha, la udongo wa volkano, ni kali kama msasa laini, na miezi ya kiangazi linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Lipeperushe kwa brashi laini ya vipodozi kabla kitambaa chochote hakijagusa gari.

Dawa ya kweli ni sanduku la kioo. Fundi aluminiamu atalitengeneza. Kwa gari la sentimeta 57, mpe vipimo vya ndani vya 70 kwa 35, kimo 25. Mwambie atumie silikoni isiyonuka siki. Ile inayonuka hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo iliyofungiwa pamoja na gari hushambulia kromu na zinki. Kama ameshatumia, acha sanduku wazi penye hewa wiki nzima, lakini gari lenyewe libaki kwenye stendi likiwa limefunikwa kwa shuka safi.